Mama Alipumzika Mara Ngapi

Mtani wangu Somoe,

Nimelipata kopo lako. Usinicheke, limenichukua nusu mwaka.

Tangu tukuzike Newala, naamka na lile fumbo uliloniachia kwenye simu. Wewe na mafumbo yako! Mwingine angeniachia kanga. Miaka yote ile tulifichiana makopo, mimi huku Masasi, wewe huko juu, na anayetafuta lazima kwanza achimbue habari: asome jiwe la msingi la kanisa, ahesabu majina kwenye ubao wa walimu wakuu, ndipo apate namba za kuingiza kwenye ramani ya simu. Ulinitesa, nami nikakutesa. Sasa simu ikilia nashtuka, nadhani ni wewe unaniambia Wamakua hatujui kuhesabu.

La mwisho uliandika hivi: "Mama yangu akipandisha maji kutoka bondeni, alipumzika mara ngapi? Hiyo ndiyo namba inayokosekana."

Nikaanzia ofisi ya maji. Wakanitazama tu. Nikamtafuta fundi pampu mstaafu, akanipa historia ya mabomba yote, mapumziko hayajui. Basi nikabahatisha. Nikaweka nne, simu ikanipeleka katikati ya mikorosho ya mtu, na msimu wenyewe korosho zimejaa chini. Nikamwambia mwenye shamba natafuta kopo. Somoe, aliita majirani wamkamate mwizi!

Jibu nilijua liko wapi. Sikutaka kwenda. Tangu matanga sikukanyaga kwa mama yako. Ningemtazamaje, na sura yako anayo yeye? Nikajidanganya kwamba kazi ni nyingi.

Jumamosi iliyopita nikapanda gari la Newala. Nikamwamkia mlangoni. "Marahaba, Mama Neema. Nilidhani nimezika wawili." Nikalia palepale, wala hakuninyamazisha.

Nilipomuuliza, akahesabu kwa vidole, kila mahali na jina lake, akaanza kucheka mwenyewe. Sita. Halafu akaongeza kidole kimoja. "Saba. Pale pa saba ndipo nilipomzaa yeye. Na ndoo haikumwagika." Hukuwahi kuniambia, mchoyo wewe!

Nikaweka saba kwenye simu, nikateremka bondeni peke yangu. Kopo lilikuwa chini ya jiwe, limefungwa kwa mpira wa baiskeli kama kawaida yako. Ndani daftari, penseli, na karatasi yenye jina langu: "Najua ulianzia ofisini. Sasa umeshakaa na Mama. Usiache kwenda, mimi sitaweza tena."

Kumbe ulijua. Wakati unaniambia ni vidonda vya tumbo tu, ulikuwa umeshateremka mlima ule na ugonjwa wako kwenda kuficha kopo. Nimekukasirikia, mtani. Nimekaa juu ya lile jiwe nikakugombeza kwa sauti, na ningetoa chochote unijibu tusi moja tu.

Nimesaini daftari, nimelirudisha lilipokuwa. Haya, pumzika mwenzangu, Mungu akulaze pema. Mama yako anasema macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano, nguo za kushona zimelundikana. Jumamosi naenda kumtungia nyuzi, na Jumamosi inayofuata, mpaka anichoke.

Mtani wako,
Mama Neema