Daktari Mmoja, Milango Miwili

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo wako na zile ngazi za hapo mnapojenga? Sisi hatujambo, isipokuwa jino langu la mbele. Nilianguka kwenye netiboli likameguka, na sasa linauma hata nikinywa maji. Jana Bibi alinipeleka hospitali ya serikali. Daktari wa meno akamulika tochi, akasema, "La kung'oa hili." Nikashika kiti kwa mikono miwili, nikaomba nikuulize wewe kwanza. Bibi amekasirika. Anasema wako watu hawana hata jino moja na wanatafuna mifupa.

Mimi nataka kubaki nalo, Baba. Tafadhali jibu upesi.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, ngazi zipo. Asing'oe mtu! Serikalini wanang'oa kama magugu ili foleni ipungue. Nenda kliniki ya binafsi, ile ya vioo karibu na benki. Hela anakuja nayo msimamizi wetu Ijumaa. Mwambie mama yangu asibishane.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi nimechoka. Tulikwenda. Viti laini, feni, dada wa mapokezi anatuita "wateja wetu". Mlango ukafunguliwa: daktari ni yule yule wa serikalini! Akatazama, akasema, "Hili linazibika vizuri."

Bibi akasimama. "Wiki ile la kung'oa, leo linazibika. Limepona njiani?"

"Bibi, mkono ni huu huu. Kule mashine ya kuzibia imekufa tangu mwaka jana, nina koleo tu. Nimeomba nyingine mara tatu."

"Basi omba ya nne! Mimi sinunui ukweli." Akanivuta tukatoka, mdomo wangu bado wazi.

Mimi naona daktari hana kosa. Mwandikie Bibi neno moja aniruhusu nirudi. Moja tu.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huyo ni tapeli, na mama yangu kwa mara ya kwanza kasema kweli. Ngojeni. Nikija mwisho wa Aprili nitakupeleka mwenyewe kwa daktari mwingine. Sukutua kwa maji ya chumvi.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Homa yangu imeshuka, na Bibi ameanza kula tena.

Barua yako ilifika, nikasukutua. Siku ya tatu uso ulivimba hadi jicho likafungika. Mwalimu wangu ndiye aliyenikimbiza serikalini. Daktari alitoa usaha, akalikagua jino. "Sasa hata kule halizibiki," akasema. Alinichoma sindano ya ganzi taratibu sana, kisha akaling'oa. Bibi, aliyetufuata mbio, alilia kuliko mimi.

Wewe ulisema kliniki, Bibi akasema serikalini, halafu mkapatana kungoja. Siku zote hizo sikuwakosea adabu, na leo pia sitaki.

Kuna meno ya bandia. Serikalini orodha ya kungoja ni ya miezi minane; kliniki ni wiki moja. Nilimuuliza daktari kila kitu, nikaandika daftarini, nikamsomea Bibi, kisha nikachagua: kliniki, kwa hela ile uliyotuma. Tunakwenda Jumamosi. Bibi ameahidi kubaki kitini.

Barua hii haiulizi kitu, Baba. Inakuarifu tu.

Mwanao