Uzi Uliozungushwa Kinyume

Tarehe 3 Machi

Binti yangu,

Natumaini hamjambo, wewe na mumeo. Sisi tunapumua. Mguu wa mama yako umepoa. Paka naye yupo. Tumbo linanenepa huku manyoya yakimpungua mgongoni, sijui ana ugonjwa gani.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mvuvi mmoja, mteja wako, alipita hapa na kidudu cha manyoya, chambo cha kuvulia alichokinunua dukani kwako, katika kisanduku chenye jina langu. Alinisifu sana: samaki hawakifikirii mara mbili, alisema, wanakimeza na ndoano yake. Nilikichukua, nikakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, na sifa zote zikageuka shubiri.

Unyoya wa kware ulikuwa wenyewe, laini, wa kuchezacheza majini kama miguu ya mdudu hai. Lakini uzi ulikuwa umezungushwa kuelekea kwa mfungaji. Mimi, tangu nilipofunga jiliwa la kubania kwenye meza hii na kubana ndoano ya kwanza, huzungusha uzi kwenda mbele, mbali nami. Wewe unajua.

Nani anafunga vidudu kwa jina langu? Mumeo ameachishwa kazi, anashinda dukani, na mkono usio na kazi haukosi la kufanya. Nijibu bila kuzunguka.

Baba yako

Tarehe 15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila vumbi la barabara mpya linatutoa machozi. Mwambie Mama nimepata ile dawa ya kuchua.

Baba, mume wangu akishona kifungo hujishona na shati alilovaa. Umemwona mwenyewe. Vidudu vyote ninavyouza vimetoka kwako, sijapokea kwa mtu mwingine hata kimoja. Wateja wanasema vya mwaka huu ndivyo imara kuliko vyote.

Macho yako yakoje? Ile miwani uliyosema ni ya wazee, umeivaa?

Binti yako

Tarehe 24 Machi

Binti yangu,

Salamu zako zimefika. Nimekuuliza habari za uzi, umenijibu habari za macho. Vidole vyangu havivai miwani.

Unasema vya mwaka huu ni imara. Imara kuliko vyangu vya zamani? Basi huyo mwizi wa jina ni fundi, na hilo linanichoma zaidi. Nitumie kidudu kingine nikipime. Kisha chagua: mumeo atoke dukani humo, au jina langu litoke. Mpaka nijue ukweli, sitatuma kisanduku kingine.

Baba yako

Tarehe 20 Aprili

Binti yangu,

Natumaini mu wazima. Hujaandika, wala kidudu hujatuma. Mwenye haki hakawii namna hii. Mama yako ananiambia niache kuwaandama watoto. Hata yeye mmeshamweka upande wenu?

Baba yako

Tarehe 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Hatuumwi, ila nyumbani hakuna raha. Mume wangu alisoma barua zako. Siku hizi akija dukani husimama nje ya mlango kama mgeni.

Nilifanya ulichotaka kukifanya wewe. Nilichukua kidudu kimoja, nikakifumua taratibu kwa wembe hadi nikafika kwenye fundo la mwisho. Fundo hilo nalijua, Baba. Ndiyo sababu nilinyamaza. Naomba tuyaache. Nikimtaja mwenye mkono ule, nitamvunja moyo mtu asiyestahili.

Binti yako

Tarehe 11 Mei

Kumbe unamjua! Unamjua, na unamficha baba yako. Sina salamu leo. Mtaje.

Baba yako

Tarehe 19 Mei

Baba,

Shikamoo. Simtaji. Nakurudishia kisanduku chako cha mwisho. Hakijafunguliwa, lakiri ni yako, ulivyoibonyeza mwenyewe kwa pete. Kifungue ukiwa peke yako, karibu na dirisha. Na miwani uivae.

Binti yako

Tarehe 30 Juni

Binti yangu,

Natumaini hamjambo nyote wawili. Nasema wawili kwa makusudi.

Lakiri ilikuwa nzima. Ndani, karibu vidudu vyote vilikuwa na uzi ule wa kinyume. Viliondoka nyumbani mwangu hivyo. Nilivaa miwani. Viwiliwili vyake havikuwa manyoya ya sungura ninayofungia mimi; vilikuwa na rangi ya chungwa bivu. Katika nyumba hii kuna kiumbe mmoja tu wa rangi hiyo, naye alikuwa amelala kwenye kiti changu na kipara chake mgongoni.

Hata hapo sikuamini. Nilifunga kidudu kimoja kwa uangalifu wangu wote, nikakiacha mezani, nikasema naenda kunyolewa. Niliporudi kilikuwa pale pale, lakini uzi umegeuka. Changu nilikikuta katika pipa la jikoni. Nilikipuliza tu, na unyoya ukatoka.

Ndipo na mimi nikalikumbuka fundo. Ndilo mama yako alilokuwa akimalizia nywele zako za uzi ulipokuwa ukienda shule, hata ukicheza kutwa nzima zisifumuke. Anayesuka kichwa huvuta uzi kwake.

Sikumwambia nimejua. Nilinunua ngozi mpya ya sungura, nikaitandika mezani, nikavuta kiti cha pili. Nikamwambia, "Mwache paka, mama, ataugua kifua." Akaegemeza ufagio ukutani. Kisha akaketi, akabana ndoano kwenye jiliwa, akaniuliza, "Uzi niuzungushe upande gani?"

Nikamwambia, "Upande wako."

Kisanduku kinakuja. Mwambie mkwe wangu aingie ndani ya duka, yeye ndiye akifungue. Nilimdhania vibaya. Ila sindano asishike.

Baba yako, na mama yako anayenisomea begani