Kosa la Namba Sita Kwenye Ukuta wa Korongo

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA MASHABIKI WA TIMU YA BESIBOLI YA KORONGO, SAN TELMO

Tarehe: Jumanne, 11 Machi 2025
Mahali: Uwani kwa Doña Fella, nyuma ya duka lake
Kuanza: Saa kumi na nusu jioni (kilipangwa saa kumi, lakini Chelo alikuwa hajamaliza kunyoa mteja)

Waliohudhuria:
Don Heriberto Mañón – Mwenyekiti
Doña Mireya Lantigua – Makamu, mjane wa mrushaji wetu Fredo Lantigua
Marcelo "Chelo" Paredes – Mjumbe, kinyozi
Doña Fella – Mjumbe, mwenye ua
Nereo Vallejo – Mwanachama, fundi pikipiki, zamani mchezaji wa Korongo
Osiris Frías – Katibu
Na wanachama wengine kumi na mmoja, majina yapo kwenye daftari.

Waliokosa:
Kuchito Rosario – mgongo unamsumbua.
Don Plinio – hakutoa udhuru. Inasemekana bado ana hasira za domino.

KUMB. NA. 1/03/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba simu zizimwe. Simu ya Mwenyekiti iliita mara mbili.

KUMB. NA. 2/03/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa. Ndugu Chelo alisema pale palipoandikwa kwamba yeye "alitoa maneno makali" paandikwe maneno yenyewe, maana aliyafikiria vizuri kabla ya kuyasema. Doña Fella alisema uwani kwake kuna picha ya Bikira na maneno yale hayasomwi mbele yake. Zilithibitishwa zilivyo.

KUMB. NA. 3/03/2025: USAJILI WA MSIMU WA MAPUMZIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba timu imemwachia mrushaji wake wa mkono wa kushoto aende kwa wapinzani wetu wa mtoni, na badala yake imepata mdakaji mwenye miaka thelathini na saba. Ndugu Chelo aliuliza kama mdakaji huyo anakuja na kiti chake au klabu itamnunulia. Wanachama walicheka sana. Mwenyekiti aligonga meza.

Kisha ilijadiliwa habari ya Yeison, kijana anayecheza namba sita, kati ya besi ya pili na ya tatu. Ndugu Chelo alisoma kwamba msimu uliopita aliandikiwa makosa kumi na saba. Alipendekeza chama kiandike barua kwa uongozi, kiombe Yeison aachwe kabla msimu haujaanza.

"Kumi na saba, Don Heriberto! Mimi na wembe wangu nikikosea kumi na saba, nusu ya San Telmo haina masikio."

Mwenyekiti aliona wengi wanakubali. Alimwagiza Katibu aandike barua palepale, ili wote wasikie ikisomwa.

Katibu aliandika tarehe, kisha akaweka kalamu chini. Alisema hawezi. Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Katibu alisema atasema, lakini kwanza limalizike jambo la ukuta, maana ni jambo hilohilo. Ndugu Chelo alisema Katibu akinywa kahawa ya Doña Fella huwa anakuwa padri. Mwenyekiti alikubali waendelee.

KUMB. NA. 4/03/2025: UKUTA WA TISA BORA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mchoraji anakuja Jumamosi kuchora ukutani kwa Doña Fella wachezaji tisa bora wa Korongo wa tangu zamani. Wanane wameshapita. Mrushaji ni marehemu Fredo Lantigua, na chini ya picha yake patachorwa: MCHEZO BILA PIGO, 1999. Ndio wa pekee katika historia ya Korongo: mechi nzima hakuna mpinzani aliyempiga pigo safi.

Imebaki namba sita. Majina ni mawili: Tito Mercedes, aliyecheza enzi za baba zetu, na Nereo Vallejo, aliyekuwepo kikaoni ameketi karibu na mlango kama kawaida yake.

Ndugu Chelo alisema anamheshimu Nereo, pikipiki yake anatengenezewa na Nereo, lakini ukweli usemwe. "Siku kubwa kuliko zote za Korongo, siku ya Fredo, mtu mmoja tu aliukosa mpira. Huyu hapa. Mtu anaukosa mpira siku hiyo halafu tumchore karibu na Fredo? Fredo atashuka ukutani!"

Nereo alisema: "Sawa tu, Chelo. Ni kweli niliukosa."

Hapo Katibu aliomba kusema.

KUMB. NA. 5/03/2025: MAELEZO YA KATIBU
Katibu aliomba maelezo yake yafupishwe. Mwenyekiti alikataa. Alisema: "Andika kama utakavyosema, Osiris, neno kwa neno, maana kesho utasema hukusema." Kwa hiyo naandika.

Nilisema hivi. Wote mnajua kwamba mwaka ule wa tisini na tisa mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa alama uwanjani. Nilikaa kule juu na daftari na vitufe viwili. Mpigaji akifika besi, mimi ndiye naamua: kama kapiga vizuri, naandika pigo, kama mlinzi kaharibu, naandika kosa. Nikibonyeza, taa inawaka kwenye ubao na watu wote wanaona.

Ilikuwa Jumapili mchana, awamu ya nane, Fredo hajapigwa pigo hata moja. Fredo alikuwa kompadre wangu, mimi ni baba wa ubatizo wa binti yake. Mpigaji akapiga mpira wa chini kwa Nereo. Nereo alikuwa ameshakaa mahali pake. Mpira ukagonga pale majani yanapokutana na udongo, ukaruka juu ya bega lake. Hakuna binadamu angeudaka ule. Lilikuwa pigo safi. Mimi niliona, wala sikuwa na shaka.

Nikabonyeza kosa.

Uwanja mzima ulishangilia taa ile, maana Fredo alibaki hajapigwa pigo, kisha wakamzomea Nereo. Fredo akamaliza mechi, wakambeba.

Kanuni ya ligi inampa mwandishi saa ishirini na nne kubadilisha. Hizo saa ishirini na nne nilizimaliza nyumbani kwa Fredo, nakula supu ya sancocho. Nilikula sahani tatu.

Mwezi wa pili baada ya mechi ile uongozi ukamuuza Nereo upande wa pili wa nchi, ukapewa mdakaji ambaye hata hakucheza. Kwenye gazeti walisema namba sita hana mikono ya siku kubwa. Yule msaka vipaji wa Wamarekani aliyesema atarudi kumwona hakurudi. Nereo alikuwa na miaka ishirini na nne. Aliporudi San Telmo alifungua gereji, na mimi pikipiki yangu nimempelekea yeye miaka yote hii, na kila mara ananiuliza watoto hawajambo.

Ndiyo maana siwezi kuandika barua ya Yeison. Makosa yake kumi na saba sijui yameandikwa na nani, wala huyo mtu alikula wapi.

Doña Fella alizima redio ya dukani.

Doña Mireya aliuliza: "Osiris. Fredo alikuomba?"

Nilisema hakuniomba. Hata juu hakuangalia.

"Yuko kaburini mwaka wa nne. Umengoja afe?"

Nilisema ndiyo. Nilimwogopa, na nilimpenda. Nilingoja.

Doña Mireya alisema: "Aibu hiyo ni yako, usije ukamgawia hata kidogo." Alisimama akaenda mpaka mlangoni, akashika mlango, hakutoka. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika kumi.

KUMB. NA. 6/03/2025: MAJADILIANO NA MAAMUZI
Kikao kiliporudi, Ndugu Chelo alisema Katibu afukuzwe, na asingekuwa mtu mzima angechapwa. Mwenyekiti alisema mwenye haki ya kusema kwanza ni Nereo.

Nereo alisema: "Siku ile mpira niliuona unaruka. Nikageuka, nikaona taa. Nikasema, basi labda mkono ulichelewa. Daftari linajua kuliko mimi. Mke wangu nilimwambia nilichelewa. Wanangu pia. Mpaka leo nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mtu nainua mkono, hivi, naangalia ulichelewa wapi." Alisema: "Sikuchelewa, Osiris?"

Katibu alijibu hakuchelewa.

Mwanachama Nereo alilia. Alijifuta kwa kitambaa cha grisi, akajipaka usoni.

Ndugu Chelo alisema: "Basi nafuta niliyosema. Tumpigie Nereo kura wote, yaishe."

Nereo alikataa. "Msinipigie kura ya huruma. Mimi Tito nilimwona nikiwa mdogo. Angalieni mchezo, msiangalie uso wangu."

Katibu alijiondoa kwenye kura, na Nereo pia. Matokeo: Tito Mercedes 8, Nereo Vallejo 7. Nereo alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alisema hata yeye angempa Tito.

Doña Mireya aliomba maneno ya chini ya picha ya mume wake yabadilishwe. Baadhi walisema si lazima, mchoraji ameshapewa maneno. Alisema: "Mchoraji hajaanza. Chini ya Fredo andikeni PIGO MOJA. Kwani pigo moja ni mengi? Nitajieni mwingine wa San Telmo aliyepigwa moja tu." Ilikubaliwa.

Barua ya Yeison haitaandikwa. Ndugu Chelo alitaka ijulikane kwamba bado anaona kijana ana mikono ya siagi. Imejulikana.

Kuhusu Katibu, kikao kiliamua aache kazi mwezi wa sita, baada ya kumfundisha mwingine. Katibu alikubali.

Mwisho, Nereo alimwomba Katibu afungue daftari la alama la mwaka 1999, lililokuwa mezani kwa ajili ya takwimu za ukuta, asahihishe mbele ya watu. Mwenyekiti alisema ligi haiwezi kubadilisha matokeo baada ya miaka ishirini na sita. Nereo alisema hana shida na ligi. Katibu alikata kosa kwa mstari mmoja, akaandika pigo, akatia tarehe ya leo na jina lake. Nereo alisoma, akasoma tena, akarudisha daftari.

KUMB. NA. 7/03/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na robo. Doña Mireya aliondoka bila kumuaga Katibu.

NYONGEZA: Desturi ya chama ni waliotajwa wasomewe kumbukumbu kabla ya saini. Alhamisi, 13 Machi, Katibu na Mwenyekiti walikwenda gereji kwa Nereo. Alisikiliza zote mpaka mwisho. Alisema ana pingamizi moja, kwenye namba sita.

"Umeandika nililia. Sikulia mimi, lilikuwa jasho. Futa."

Katibu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama pikipiki. Katibu alisema: "Nereo, ukiniomba kitu kingine chochote nitakupa. Lakini nilikuwepo, na nimeandika nilichokiona."

Nereo alifikiri, akaokota spana yake, akasema: "Haya. Liache."

Limeachwa.

Heriberto Mañón, Mwenyekiti (saini)
Osiris Frías, Katibu (saini)