Baba Alivyorushwa Dirishani Mara Tatu

Mtaa wa Burlingame,
Detroit, Michigan.
10 Oktoba 1998

Mpendwa mdogo wangu Cornell,

Hujambo huko Vancouver? Mbavu ulizoumia kazini zimepona? Niandikie ukweli, usinifiche kama kawaida yako. Sisi tu wazima, ila nyonga ya Baba inamsumbua tangu baridi ianze.

Jumamosi iliyopita shangazi Ernestine alitimiza miaka sabini. Nilimuuliza anataka zawadi gani, akasema, “Nipeleke sinema.” Ukumbi wa zamani kule barabara ya Grand River siku hizi unaonyesha filamu za enzi zao, za miaka ya sabini, kila Jumamosi mchana, zile ambazo Baba alikuchapa mkanda kwa kuzitazama ulipokuwa na miaka kumi na minne.

Cornell, nilicheka mpaka nikalia! Muuguzi analipiza kisasi cha dada yake. Anapita na basi katikati ya harusi ya majambazi, bastola moja inafyatua risasi mia bila kujazwa, na damu ni nyekundu kama rangi ya mlango. Watu wazima walikuwa wanapiga kelele: “Nyuma yako, dada! Nyuma yako!” Shangazi alikuwa amesimama, mkoba juu, kama anataka kuingia kusaidia.

Mara akanibana mkono. “Verlene, mtazame huyo anayerushwa dirishani.”

Nikamtazama. Alikuwa Baba! Shemasi Ezell Tibbs, nywele zimetuna kama mwavuli. Baada ya dakika kumi akarushwa tena, sasa ana ndevu za bandia. Mara ya tatu alivaa miwani.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta Baba jikoni anachambua kunde. Shangazi hakungoja hata kuvua koti. “Ezell, leo umekufa mara tatu.”

Baba aliweka bakuli chini. Kisha akatusimulia. Filamu ile ilipigwa hapahapa mjini, naye alikuwa analipwa kuanguka badala ya waigizaji siku zake za mapumziko. Ile nyonga haikuvunjika kiwandani kama tulivyoambiwa. Aliruka kutoka paa la ghorofa ya pili, na maboksi ya kumpokea yalikuwa machache. Alilazwa miezi mitatu, Mama akiwa na mimba yako. Siku ulipozaliwa hakuweza kusimama kukubeba.

Nikamuuliza, sasa upuuzi ule mliupendea nini?

“Kiwandani msimamizi Mzungu alikuwa ananiita ‘we kijana’, na mimi mume wa mtu, baba wa mtoto,” akasema. “Jumamosi tunaingia sinema, mtu mwenye sura yetu anapiga mlango teke, mlango unang’oka na ukuta wake. Ukumbi mzima unasimama. Uongo mtupu, mwanangu, tulijua. Lakini tulitoka mle tunatembea wima.”

Nadhani ndiyo maana alikuchapa vile, Cornell. Alikuona macho yanawaka, akaogopa. Halafu ukaenda kuifanya kazi ileile, na tangu hapo hakuweza kulitaja jina lako mezani.

Nilitoa ile kanda ya filamu yako uliyotuletea Krismasi, ambayo hakuwahi kuigusa, nikamwonyesha. Uliporuka kutoka kwenye paa na moto mgongoni, alinishika mkono kwa nguvu. Aliirudisha nyuma mara tatu.

“Anachelewa kuinamisha kidevu,” akasema. “Mwambie akiwahishe kifuani.” Kisha akaenda bafuni, akafungulia maji, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka akaniambia nisikwambie kwamba amelia. Basi, sijakwambia.

Anataka uje Siku ya Shukrani, mwezi ujao. Mimi ndiye ninayeandika, lakini maneno ni yake: “Mwambie aje.”

Shangazi Ernestine anakusalimu na kukubusu, na mume wangu Dewitt pia. Mungu akulinde kila unaporuka, na akupokee vizuri kila unapotua.

Asubuhi hii Baba amelitoa juani godoro la chumba chako, analipigapiga vumbi. Sijui kama ni la kulalia au la kuangukia.

Dada yako akupendaye sana,
Verlene