Goti la Eladio

Alhamisi, 16 Novemba

Wamemnyima! Eladio wa pili. Tuzo ya Mchezaji Bora wa besiboli kule Marekani imekwenda kwa mwingine, kijana wa huko huko kwao, na mji wetu mzima wa San Pedro umechafuka. Dukani kwa Fello watu waliacha domino mezani wakasimama kugombana na televisheni. Eti Wamarekani hawajui kuhesabu. Eti mdakaji hapewi haki yake kwa sababu anacheza amechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya barakoa ya chuma, nani atamwona? Fello mwenyewe alipiga kaunta akasema tumeibiwa mchana kweupe. Bia zote zikaisha.

Nami nilipiga kelele. Machozi yalinitoka kabisa. Tumeibiwa, jamani, tumeibiwa!

Halafu nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Wa pili! Angalau kuna kitu kimoja duniani ambacho Belkis hana.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimekwenda kumpa pole Belkis, mke wa Eladio. Lazima niende. Ndiye aliyembeba binti yangu Loreny siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo haniiti jina, ni komadre tu, nami vivyo hivyo. Nilimkuta jikoni kwake, hana hata chozi. Kucha mpya. Akaniambia, "Komadre, wa pili kwa nchi kubwa ile si haba. Keti ule." Si haba! Umeme ukakatika tukiwa mezani. Mtaa mzima giza, kwake jenereta ikanguruma, feni hata haikupunguza mwendo. Kwangu muda huo nyama inayeyuka kwenye friji.

Hajawahi kunifanyia baya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Mume wangu nikimwambia atanicheka. Radhamés na Eladio walikua kwenye uwanja mmoja wa vumbi, wote wadakaji, wakipokezana glavu moja iliyochanika. Maskauti wa timu za Marekani walipokuja kusaka vipaji walimchukua Eladio. Radhamés walimchukua mwaka uliofuata, kwa bei ya kutupa, akazungushwa kwenye ligi ndogo za Marekani miaka na miaka, bila kupandishwa hata siku moja kwenye ile kubwa. Hana kinyongo. Hata kidogo! Kinyongo chote nimeachiwa mimi.

Jumapili, 19 Novemba

Jamani mume wangu! Jana aligonga mpira ukavuka ukuta, ukavuka mpaka kwenye maegesho, na uwanja mzima ukasimama kuimba jina lake. Ra-dha-més! Leo redioni wanabishana nani awe Mchezaji Bora wa ligi yetu ya nyumbani, na karibu wote wanasema ni yeye. Mmoja tu kakataa, eti mzee. Ana miaka thelathini na nne! Mzee ni yeye na meno yake ya bandia.

Akipata tuzo hii kuna timu ya Mexico inamtaka, mkataba wa mwaka mzima. Wakala wake kasema waziwazi: tuzo kwanza. Asipopata, basi, keshasema mwenyewe, anavua barakoa anakwenda kuziba pancha kwa kaka yake. Namjua mume wangu. Hatalalamika. Atanyamaza tu, ananyamaza mwaka mzima, na mimi ndiye nitakayekuwa namtazama.

Ijumaa, 24 Novemba

Tetesi za usajili kila kona. Timu ya Eladio inataka kumtoa, ipewe vijana watatu badala yake. Anakwenda Toronto. Hapana, Houston. Kinyozi ana uhakika wa Toronto, binamu yake wa New York kaota. Nilisikiliza kwa raha. Aende! Aende Toronto akagande.

Kisha mchana Eladio mwenyewe redioni. Sauti tamu kama kawaida yake. Eti kabla ya yote anataka kuwachezea watu wake, na kuanzia tarehe nane Disemba atavaa jezi ya timu ya nyumbani. Mji ukapiga honi.

Mdakaji uwanjani ni mmoja. Nani atathubutu kumweka Eladio benchi? Na anayekaa benchi Disemba nzima hapewi tuzo yoyote. Kila mwaka wanafanya hivi hawa wakubwa! Wenzao wanaubeba msimu tangu Oktoba, na Krismasi ikinukia wao ndio hao, wanashuka, wanachukua namba na kupungia watu mikono.

Nikamwuliza Radhamés, sasa utafanyaje? Akasema atampisha, ni ndugu yake. Nikatupa kijiko kwenye sinki. Akauliza kijiko kimekosa nini.

Jumapili, 26 Novemba

Tulikwenda kula sancocho, supu nzito ya nyama na mihogo, kwa Eladio. Alikula amenyoosha mguu juu ya kiti, mfuko wa barafu gotini. Radhamés naye akapewa wake. Wanaume wazima wawili wameketi sambamba na barafu zao, wanacheka. Wadakaji wote ndivyo walivyo. Tangu tuoane nagandisha barafu kwenye vikopo vya mtindi, siku ya mechi na isiyo ya mechi, na mume wangu mzima wa afya. Mtu aliyechuchumaa maisha yake yote, goti linataka baridi. Hakuna habari hapo.

Belkis alinipa gauni. Amelivaa mara moja tu, anasema, litanikaa mimi kuliko yeye. Na limenikaa kweli. Nimelivua nikalisukuma nyuma kabisa ya kabati.

Wanaume wakaenda uani kunong'ona. Walikaa muda mrefu. Nilipopita na vyombo wakanyamaza wote wawili. Hata mume wangu sasa ana siri na nyumba ile!

Jumatano, 29 Novemba

Picha ya Eladio ukutani mwa uwanja, ndefu kuliko nyumba. Ya Radhamés wameitoa ili ipate nafasi. Na Fello leo akimfungia mume wangu mkate kamtania mbele ya watu: "Bingwa, ahsante kwa kupasha kiti moto, sasa mpishe mwenyewe." Watu wakacheka. Radhamés akacheka nao. Mimi nililipa nikasahau chenji.

Jumamosi, 2 Disemba

Saluni kwa Zunilda. Niko na rola kichwa kizima, chini ya drayer, na wanawake wote wanamwimba Eladio. Jezi itamkaaje! Uwanja utajaaje! Mmoja wao, dada wa mtangazaji wa redio, akasema afadhali, Radhamés kajitahidi masikini, ila sasa tutamwona mdakaji wa kweli. Mbele yangu! Akakumbuka nipo. Akasema usinielewe vibaya, Nurys.

Nikainua drayer. Nikasema taratibu, kwa huruma, "Laiti asingecheza, jamani. Jumapili nilikuwa kwao. Chakula chote kamaliza na barafu gotini."

Basi. Zunilda akazima drayer ya pili asikie vizuri. Wakaniuliza, limevimba? Nikasema mimi si daktari. Nikashusha pumzi. Nikaongeza, "Belkis hapendi lizungumzwe."

Sikusema uongo hata neno moja — la, hilo la mwisho ni uongo. Moja tu. Nywele zimetoka vizuri sana.

Jumatatu, 4 Disemba

Redioni! Goti! Yule mtangazaji, kaka yake yule wa saluni, anasema habari ni kutoka "chanzo cha karibu kabisa na familia". Asubuhi lilikuwa limevimba. Mchana dukani kwa Fello lilikuwa limechanika. Jioni limeshapasuliwa kwa siri Miami. Fello anaapa alimwona Eladio akichechemea kwenye foleni ya benki. Eladio na foleni ya benki, wapi na wapi!

Nimeogopa kidogo. Nimefurahi zaidi.

Jumanne, 5 Disemba

Hatacheza! Timu yake ya Marekani imepiga simu, asiguse glavu mpaka daktari wao amwone. Namba imebaki kwa mume wangu! Nimemkaangia salami, nimempondea ndizi zake anazozipenda, nimecheza bachata na ufagio.

Radhamés hakula. Kakaa anatazama simu. Nikamwambia changamka baba, Mexico hiyo inakuja! Kaniangalia kama hakunisikia.

Alhamisi, 7 Disemba

Toronto wamejitoa. Kumbe kila kitu kilikuwa tayari, imebaki saini. Waliposikia goti wakasita, hata majibu ya daktari hawakuyangoja, wamemchukua mdakaji mwingine. Dukani kwa Fello wameketi kama msibani.

Belkis kanitumia sauti kwenye WhatsApp, analia. Analia kwa kwikwi, kamasi na yote, kama sisi wengine. Nimeisikiliza tena na tena. Mara ya kwanza, niandike ukweli, niliisikiliza kwa raha.

Ijumaa, 8 Disemba

Radhamés kaniambia.

Ilikuwa asubuhi, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kahawa yake. Toronto walikuwa wanamchukua na yeye! Eladio ndiye aliyeweka sharti. Siji peke yangu, aliwaambia, namtaka Radhamés awe mdakaji wa pili, na kwenye ligi kubwa, sio zile ndogo. Wakakubali. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Hayo ndiyo waliyokuwa wakinong'ona uani.

Nikamwuliza, na mimi mkeo hukuniambia? Akasema kitu kizuri hakitajwi kabla ya saini, kinaingiwa na mkosi, wewe mwenyewe unajua. Alitaka anishtukize Krismasi.

Kisha akasema, "Ningesimama kwenye uwanja ule japo siku moja tu, Nurys." Akanywa kahawa. "Eladio timu atapata, hilo halimsumbui. Analia kwa ajili yangu. Mtu gani ana roho ya kutunga maneno kama yale?"

Nilikwenda kuanika nguo, na nguo zenyewe zilikuwa zimeshakauka.

Jana uwanjani alipiga hewa tupu kila alipopewa gongo. Leo redioni tuzo wameshaanza kumpa mwingine, kijana wa Santiago. Radhamés ametafuta namba ya kaka yake, yule wa pancha, kwenye simu. Hakupiga. Kaitazama tu.

Mdomo wangu huu! Nimeukanda kwa maji ya chumvi kama vile ndio unaouma.

Jumamosi, 9 Disemba

Belkis yupo sebuleni sasa hivi. Naandika chumbani. Nimesema nabadili nguo.

Kaja bila poda, macho mekundu, nywele kazifunga kwa mpira. Na anapendeza! Hilo ndilo nililoliona kwanza nilipofungua mlango, kabla sijaogopa, Mungu anisamehe. Maneno kayafuatilia yalikopita, hatua kwa hatua: redio, dada wa mtangazaji, saluni. Zunilda kamwambia jina hatalitaja kwenye simu. Aje mwenyewe, asubuhi hii, alisikie mbele ya wote waliokuwepo, asije akasingiziwa yeye na biashara yake ikafa.

"Twende wote, komadre. Unishike, maana nikimjua huyo mwanamke nitamng'oa nywele."

Nikasema pengine Zunilda hakumbuki. Akasema anakumbuka mno. Nikasema Loreny ana homa. Loreny akaingia anarukaruka, akamkalia mamake wa ubatizo mapajani. Belkis akamgusa kipaji, akasema mbona mtoto mzima. Radhamés akanivuta jikoni: nenda naye, usimwache peke yake leo, baada ya mema yote waliyotaka kututendea. Macho yake yalikuwa yananisihi. Mume wangu hajui kusihi.

Ningemwambia sasa hivi, hapa nyumbani, kabla ya Zunilda. Maneno yenyewe hata si mengi. Ni mimi, Belkis. Nimeyajaribu mbele ya kioo bila kutoa sauti. Mdomo unafunguka, halafu najiona naanza kueleza kuhusu dada wa mtangazaji, alivyonidharau, nilivyokuwa na rola kichwani.

Na Radhamés atasikia. Ukuta huu ni mbao.

Gari lake linanguruma nje, hakulizima. Ananiita.

"Harakisha, komadre! Mle saluni sina mwingine wa upande wangu."

Nimevaa kiatu kimoja.