Salamu na Ugomvi

Baba,

Pufu. Ndiyo sauti iliyobaki nami: hewa ikitoka asubuhi ulipokisukuma kigutu ndani ya kikombe cha mguu wako wa bandia. Nikiisikia nikiwa bado kitandani, nilijua mguu umekukaa. Isipotoka, ulivua, ukapunguza soksi moja ya kigutu, ukajaribu tena.

Jioni kazi yangu ilikuwa kutazama ngozi. Wekundu uliofutika upesi tuliuita salamu. Uliobaki tuliuita ugomvi, na kesho yake ulitembelea magongo, hata korosho zikiwa zimejaa chini.

Baada ya arobaini yako, baba mdogo aliuchukua mguu wako kutoka nyumbani Nkowe kwa bodaboda, akampelekea rafiki yako Mzee Issa kule Matambarale, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mimi nilikuwa Ruangwa, nafundisha. Nilipata habari watu wameshamsifu baba mdogo kwa ukarimu.

Nilipokwenda kumwona, Mzee Issa alisimama kunilaki. "Unanikaa kama nimezaliwa nao, mwanangu. Ila marehemu alikuwa na mguu mnene kuliko adabu zake."

Nilicheka. Lakini mguu haukusema pufu. Alikuwa amejaza vipande vya kanga ndani. Nikamwomba avue, akakataa. "Zawadi ya marehemu haikaguliwi." Nikamwambia nilikuwa nakukagua wewe kila jioni. Ndipo akavua.

Ugomvi, Baba. Pale penye mfupa, ngozi inakaribia kupasuka, na yeye hasikii maumivu. Kidonda kingekila kigutu chake hadi gotini.

Niliukumbatia mguu wako. Ndani bado mna harufu ya poda yako. Nilitaka kuondoka nao, uwe wangu tu, asiuguse mtu. Kisha nikautazama tena ugomvi ule, nikamwambia Mzee Issa atembelee magongo mpaka upone.

Kigutu chake kilipopona, nilimpeleka Nachingwea kwa fundi wa miguu. Fundi alichukua umbo la kigutu kwa plasta laini, akamtengenezea kikombe chake mwenyewe. Bomba la chini ya kikombe na wayo ni vyako, maana hivyo vinaweza kuhamia mguu mwingine. Skrubu nilifungua mimi. Mguu wake hausemi pufu. Unakohoa kidogo, kama yeye.

Kila Jumamosi napita Matambarale kumtazama ngozi. Juzi ilikuwa salamu tupu.

Pumzika, Baba. Kikombe chako kisingemfaa mtu mwingine, kwa hiyo nimekizika Nkowe, ubavuni mwa kaburi lako, upande wa kushoto, wa mguu wako uliokatwa. Sikukisukuma. Nimekilaza tu, kisikubane.

Mwanao