Tulipima na Mapanki

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kiseke babu yako anakula vizuri na kulalamika vizuri.

Unauliza mpimaji wa mionzi aanzie wapi. Miaka ya tisini, viwanda vya sangara viliposhamiri Mwanza, nilikuwa nafanya kazi maabara ya kupima mionzi. Mkuu wetu alitaka tupime minofu tu, maana ndiyo iliyokwenda Ulaya. Nikamwambia, "Mzee, mionzi mingine hukaa kwenye mifupa, na sisi huku tunakula mapanki," yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani.

"Nani ameagiza yapimwe?"

"Mama yangu. Leo ndiyo mboga."

Akacheka, tukapima. Yalikuwa salama. Mama akasema yeye alijua siku zote. Nikamwambia sasa na mimi najua.

Anzia kwenye sufuria ya nyumbani, mjukuu wangu. Ulaya wana wapimaji wao.

Bibi yako